Kabaila huandikishwa

Usiku ule nilikuwa nimejilaza na simu mkononi, nasoma habari za uchaguzi mdogo uliofanyika Uingereza Aprili 2016. Wagombea walikuwa saba. Wapiga kura walikuwa watatu.

Nikarudia kusoma, nikidhani mwandishi kapindua tarakimu. Hakupindua. Lodi mmoja wa chama cha Liberal Democrats alikuwa amefariki, na kiti chake katika Bunge la Malodi, bunge la juu lisilochaguliwa na wananchi, kilikuwa miongoni mwa vile vilivyotengewa wenye vyeo vya kurithi. Waliopewa kazi ya kumtafuta wa kukikalia ni malodi wenzake wa kurithi wa chama hicho hicho, nao walikuwa wamebaki watatu. Kila mgombea aliruhusiwa kujieleza kwa maneno yasiyozidi 75. Kura zikapigwa, zikahesabiwa (sijui kama karani alikaa chini), na zote tatu zikamwendea Viscount Thurso.

Nikamtumia rafiki yangu mmoja, pamoja na vikaragosi vya kucheka. Nilitegemea naye acheke. Akajibu hivi:

"Cheka tu, ndugu yangu. Lakini mtu aliyerithi kiti hakumlamba mtu miguu ili akipate."

Nikaweka simu pembeni. Jibu lile likanikaa kichwani wiki baada ya wiki, kwa sababu kila nilipojaribu kulipangua lilinishinda kidogo.

Hoja yenye meno

Tumpe haki yake. Sheria ya mwaka 1999 iliwatoa malodi wa kurithi zaidi ya 600 katika bunge lile, ikabakiza 92 kwa mapatano. Septemba 2024 serikali ikapeleka muswada wa kuwamaliza hata hao. Sawa. Ila viti havikubaki vitupu. Wanaovikalia sasa, wengi wao, ni walioteuliwa maisha, na jina lao lilipita kwanza kwenye orodha ya kiongozi wa chama. Kwa hiyo aliyeondoka alikaa pale kwa sababu babu wa babu yake alimpendeza mfalme, na aliyeingia amekaa kwa sababu yeye mwenyewe alimpendeza waziri mkuu. Ukiniuliza nani kati yao ana nafasi zaidi ya kumwambia mkubwa "hapana," sina jibu la haraka.

Na historia inamuunga mkono rafiki yangu kuliko nilivyopenda.

Mwaka 1215 waliopambana na Mfalme John pale Runnymede walikuwa makabaila, watu wenye ngome zao na askari wao. Kifungu cha 39 cha Magna Carta, hati waliyomlazimisha aikubali, kinasema mtu huru hatakamatwa wala kufungwa ila kwa hukumu ya walio sawa naye au kwa sheria ya nchi. Hawakuwa wanampigania mkulima. Wakulima wengi wa Uingereza wakati ule hawakuhesabiwa kuwa watu huru, kwa hiyo kifungu kiliwapita juu. Lakini neno likishaandikwa halina adabu, haliketi pale ulipoliketisha. Vizazi vilivyofuata vikalidai na wao.

Poland vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 1430 mfalme wao, Władysław Jagiełło, aliahidi kwamba hatamfunga kabaila mwenye ardhi kabla mahakama haijamhukumu. Kuanzia 1573 makabaila wa nchi ile wakawa wanamchagua mfalme wenyewe. Walikuwa wengi kupita wenzao wa karibu nchi zote za Ulaya, na wengi wao hawakuwa na kitu: alikuwapo kabaila anayelima kishamba chake kwa mikono yake. Na bado walikuwa na msemo kwamba kabaila wa kiwanja kimoja ni sawa na gavana wa jimbo. Usawa wa ajabu, ndani ya ua wao.

Nje ya ua kulikuwa na wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana, na kwao msemo huo haukufika.

Halafu kuna lililofuata. Uhuru wa kila kabaila ulikuzwa mpaka mjumbe mmoja akaweza kuvunja kikao chote cha bunge kwa kusema tu hakubali. Mara ya kwanza ni 1652. Kilichokuwa kinga dhidi ya mfalme kikageuka mlango wa majirani, maana ukimpata mjumbe mmoja mwenye njaa umeipata nchi nzima. Urusi, Prussia na Austria ziliigawana Poland mwaka 1772, tena 1793 (safari hiyo bila Austria) na 1795, mpaka haikubaki kwenye ramani. Sababu zilikuwa nyingi, silitupi lote kwa mjumbe huyo mmoja. Lakini hapo ndipo nilipoanza kuona ufa katika hoja ya rafiki yangu. Kutodaiwa fadhila na aliye juu hakumzuii mtu kuuzika pembeni.

Damu yenye risiti

Wenyewe husema ni damu. Nikataka kujua damu hiyo ilianza lini kuwa damu.

Turudi mwaka 877, mahali panapoitwa Quierzy, kaskazini ya Ufaransa ya leo. Charles Mwenye Upara (ndivyo historia inavyomwita, hakuna wa kumtetea) anajiandaa kwenda Italia na jeshi. Wakuu wa wilaya zake wakati huo ni kama watumishi: wanasimamia eneo, wanahukumu kesi, wanaongoza askari, na kimsingi mfalme anaweza kumtoa huyu akamweka yule. Safari ni ndefu, watu wana wasiwasi. Mmoja akifa je, na mwanawe yuko njiani na mfalme? Charles akaagiza kwamba wilaya iangaliwe kwa muda mpaka habari imfikie, naye atamjali yule mtoto. Ulikuwa mpango wa safari. Wanahistoria hawakubaliani agizo lile lilikuwa na uzito gani, lakini mwelekeo wa mambo hawaubishii: katika vizazi vilivyofuata kazi ikageuka mali. Baba alipewa wilaya aifanyie kazi, mjukuu akazaliwa anayo.

Sasa ruka mpaka London, 1611. Mfalme James wa Kwanza ana shida ya fedha na ana askari wa kulipa huko Ulster, Ireland. Anabuni cheo kipya cha kurithi, baronet, chini ya lodi na juu ya watu wengine. Bei yake ni pauni 1,095. Nilipoiona tarakimu hiyo nilishangaa kwa nini isiwe elfu moja na mia tu ieleweke. Kumbe hesabu yake iko wazi. Mnunuzi alitakiwa kulipia askari 30 kwa miaka mitatu, kila askari peni 8 kwa siku. Thelathini mara nane ni peni 240, na kwa fedha ya wakati ule peni 240 ni pauni moja kamili. Pauni moja kwa siku, siku 1,095. Utukufu wa ukoo mpaka mwisho wa dunia, umepigiwa hesabu mpaka peni ya mwisho. Baadaye vilivyouzwa vikawa vingi na bei ikaporomoka, kama inavyoporomoka ya kitu chochote.

Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Kule kulikuwa na ofisi ya katibu wa mfalme, yenye kazi kidogo na bei kubwa. Ukikaa nayo miaka 20, au ukifa ukiwa nayo, wanao wanakuwa makabaila. Watu wakaibandika jina la kejeli: kisabuni cha kumtakasa mshamba. Na kutakata huko kulikuwa na maana ya fedha, kwa kuwa kabaila hakulipa kodi iliyoitwa taille, ambayo mkulima aliilipa. Mfalme alipouza cheo, alikuwa anauza kodi za wajukuu wa mnunuzi. Anakula leo, na wanaobaki kwenye daftari la kodi ndio wa kuziba pengo.

Ndiyo maana katika miaka ya 1660, chini ya Louis wa 14, maofisa wa waziri wake Colbert walitumwa majimboni kuwahakiki makabaila. Hebu fikiria siku hiyo ndani ya nyumba ya familia ya mkoani, isiyo tajiri, inayojulikana na majirani wote kuwa ya watu wakubwa. Anakuja mtu wa serikali. Hataki kusikia habari za vita alizopigana babu, wala hatazami upanga uliotundikwa ukutani. Anataka sanduku. Anataka mkataba wa ndoa wa baba, wosia wa babu, hati ya kugawana urithi ya baba wa babu, na kila karatasi ionyeshe kwamba mthibitishaji wa hati alimwandika mtu huyo kwa cheo. Karatasi moja ikikosekana katikati, mnyororo umekatika. Walioshindwa walitozwa faini na kurudishwa kwenye daftari la kodi, pamoja na upanga wao.

Damu haikuulizwa lolote siku hiyo.

Kituko ninachokipenda kuliko vyote ni cha Brittany. Kabaila wa Ufaransa hakuruhusiwa kufanya biashara ya rejareja wala kazi ya mikono. Akifanya, cheo kinaanguka. Wabretoni, ambao makabaila wao wengi walikuwa hohehahe, wakatafuta njia. Kabaila aliyefilisika aliweza kuulaza ukabaila wake. Anafanya biashara, analipa kodi kama jirani yake, na siku akipata cha kutosha anatoa tamko mbele ya mamlaka na ukabaila unaamka. Sijui damu inalalaje. Ila leseni inalala vizuri tu.

Na walioingia kwa kisabuni hawakuwa wepesi kumwachia mlango mwenzao. Mwaka 1781 ilitoka amri, inayojulikana kwa jina la waziri wa vita Ségur, kwamba anayetaka kuwa ofisa wa jeshi moja kwa moja athibitishe vizazi vinne vya ukabaila upande wa baba. Wenye fedha mpya na vijana wenye vipaji wakabaki nje. Miaka minane baadaye, usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, bunge la mapinduzi lilifuta mapendeleo ya makabaila, na baadhi ya walioongoza kusimama na kuyakana walikuwa makabaila wenyewe. Juni 1790 vyeo navyo vikafutwa. Mwaka 1808 Napoleon akaanza kugawa vipya.

Siku moja na miaka 99

Mpaka hapo nilikuwa naona mchezo wa karatasi na fedha, wa kuchekesha zaidi kuliko wa kuumiza. Urusi ndiyo iliyonitoa kwenye kicheko.

Mwaka 1722 Peter Mkuu alitoa Jedwali la Vyeo, ngazi 14. Kabaila wa Urusi alilazimika kumtumikia mfalme, jeshini au ofisini, atake asitake. Na asiye kabaila aliweza kupanda: jeshini ngazi ya chini kabisa ya uofisa ilimpa ukabaila wa kurithi, kwenye kazi za kiraia alihitaji kufika ya nane. (Baba yake Lenin, mkaguzi wa shule, alipanda mpaka akaupata. Lenin alikuwa kabaila wa kurithi kwa sheria, jambo ambalo wafuasi wake hawakulipigia ngoma.)

Mpango ulikuwa mkali, lakini ulikuwa na mantiki ambayo hata mkulima aliielewa. Mimi namlimia bwana kwa sababu bwana anamfanyia kazi mfalme. Kila mtu na nira yake.

Tarehe 18 Februari 1762, Peter wa Tatu alitangaza kwamba makabaila wako huru, anayetaka kutumika atumike, asiyetaka akae nyumbani kwake.

Mkulima je?

Wakulima wale walifunguliwa tarehe 19 Februari 1861, kwa kalenda ya zamani ya Urusi. Siku inayofuata, ungesema, ila miaka 99 baadaye. Karibu karne nzima sehemu moja ya makubaliano ilikuwa imefutwa na nyingine inaendelea, kama mpangaji aliyesamehewa kodi ya nyumba huku akiendelea kuwatoza waliopanga vyumba chini yake.

Katikati ya karne hiyo, 1785, Malkia Catherine wa Urusi akawapa makabaila hati yao. Kabaila hapigwi viboko. Hanyang'anywi uhai, heshima wala mali bila hukumu ya walio sawa naye. Halipi kodi ya kichwa. Nimezisoma haki hizo na kila moja ningeitaka iwe yangu. Ni ndugu wa kifungu cha 39. Tofauti ni kwamba siku hati inatiwa saini, aliyeipokea alikuwa na uwezo wa kumuuza mtu.

Hapo nikapata la kumjibu rafiki yangu, ingawa bado halikuwa limekaa vizuri mdomoni. Nilichokosa ni tukio la watu hawa hawa wa Bunge la Malodi, wasiodaiwa fadhila, wakifanya uamuzi mkubwa kwa uhuru wao wote. Nikalitafuta.

350 kwa 75

Mwaka 1909 waziri wa fedha wa Uingereza, David Lloyd George, alipeleka bajeti iliyotafuta fedha za mambo mawili: pensheni za wazee na manowari. Ndani yake aliweka kodi juu ya ardhi, ikiwemo ya asilimia 20 ya ongezeko la thamani ambalo mwenye ardhi hakulitolea jasho. Kwa desturi ya muda mrefu malodi hawakugusa bajeti. Mambo ya fedha yalikuwa ya Bunge la Makabwela, lile la kuchaguliwa. Tarehe 30 Novemba 1909 waliigusa. Waliikataa kwa kura 350 dhidi ya 75.

Nilikaa na tarakimu hizo muda mrefu. Watu ambao hakuna waziri mkuu aliyeweza kuwatisha, hakuna mpiga kura aliyeweza kuwatoa, wenye uhuru wa kufikiri ambao mbunge wa kawaida huuota tu. Na uhuru ule ulipowekwa mezani, karibu wote waliegemea upande mmoja, na upande wenyewe ulikuwa wa mashamba yao.

Kweli hawakudaiwa na mtu. Walidaiwa na walichonacho.

Naweza kusikia mtu akisema kila mbunge hutetea maslahi yake. Hilo sibishi. Lakini mbunge wa kuchaguliwa akifanya hivyo kuna siku ya kumwajibisha, hata kama siku yenyewe inachakachuliwa. Hawa ilibidi nchi iende kwenye uchaguzi mkuu mara mbili ndani ya 1910, na mfalme akubali kutishia kuunda malodi wapya kwa mamia, ndipo Agosti 1911 wakapitisha, kwa kura 131 dhidi ya 114, sheria ya kupunguza nguvu zao wenyewe.

Lloyd George katika kampeni zile alikuwa moto. Mara alisema duke mmoja aliyekamilika gharama yake ya kumtunza ni sawa na manowari mbili za Dreadnought. Mara akauliza iweje watu mia tano wa kawaida, waliookotwa kwa bahati tu kutoka kwa wasio na kazi, wapindue uamuzi wa mamilioni wanaofanya kazi. Ningemaliza hapa, kwa makofi, kama si yaliyofuata.

Alipokuja kuwa waziri mkuu, vyeo viliuzwa chini yake kwa kiasi ambacho kilizua kashfa, vikiwemo vya kurithi, fedha zikiingia kwenye mfuko wake wa siasa. Mwaka 1925 ikabidi itungwe sheria ya kuifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai. Mwanzoni mwa 1945, wiki chache kabla ya kufa, yeye mwenyewe akakubali kuwa Earl. Wa kurithi. Mwanawe mmoja, Gwilym, akapewa uviscount wake mwaka 1957. Na sheria ya 1999 ilipowatoa mamia, mjukuu wa Lloyd George, Viscount wa tatu wa Tenby, alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kubaki. Alikaa hadi alipostaafu 2015.

Simlaumu mjukuu, hakuchagua babu. Namshangaa babu. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kitu hicho kimetengenezwa kwa nini, maana alikuwa jikoni, na bado alikitaka kiende kwa wanawe.

Bwana Wilson wa 14

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao hauchekeshi wala hauudhi, unanitatiza tu.

Tony Benn alikuwa mbunge wa Makabwela. Mwaka 1960 baba yake, Viscount Stansgate, akafariki, na papo hapo mtoto akawa lodi na kupoteza kiti chake. Alikataa. Wapiga kura wake wa Bristol wakamchagua tena 1961, na bado akazuiwa kuingia. Kabaila kwa nguvu! Ilichukua mpaka sheria ya tarehe 31 Julai 1963 kumruhusu mtu kukivua cheo, naye alikivua siku hiyo hiyo.

Miezi michache baadaye sheria aliyoipigania mjamaa huyu ikamfaa mhafidhina. Alec Douglas-Home, Earl wa 14 wa Home, aliivua Earl yake ili awe waziri mkuu akiwa ndani ya Bunge la Makabwela. Kiongozi wa upinzani Harold Wilson akamkejeli kwa huo u-14 wake. Home akajibu, kwa upole wake, kwamba ukifikiri vizuri, Bwana Wilson naye bila shaka ni Bwana Wilson wa 14.

Jibu zuri mno, na kwa upande mmoja ni la kweli tupu. Sote tuna baba wa baba wa baba. Hakuna ukoo mrefu kuliko mwingine. Kuna ukoo ulioandikwa na ambao haukuandikwa. Home alikuwa anasema, bila kukusudia, kile maofisa wa Colbert walichokijua.

Lakini akina Wilson 13 waliotangulia hawakumwachia kiti cha kutunga sheria, na hilo jibu la Home lililifunika kwa ustadi.

Halafu najiuliza, walimwachia nini? Maana mtoto wa hakimu hukua akisikia sheria mezani, mtoto wa tajiri hurithi nyumba na majina ya watu wa kupigiwa simu, na hakuna bunge lililopitisha lolote. Kwa muda nilidhani hapa hoja yangu yote imekufa, kwamba ukabaila haukufutwa, uliacha tu kujiandikisha. Nimerudi nyuma kidogo kutoka hapo. Mtoto wa hakimu anaweza kufeli mtihani, na akifeli hakuna sheria inayomwita hakimu. Pengo hilo ni jembamba, tena katika nchi nyingi linazidi kuwa jembamba. Ila ndilo linalotenganisha upendeleo unaoweza kupigwa vita na upendeleo ambao kuupiga vita ni kosa.

China ya nasaba ya Qing walikuwa na jawabu lao, na sielewi kwa nini halisimuliwi zaidi. Vyeo vingi vya wana wa ukoo wa kifalme vilishuka daraja kila vilivyorithiwa. Baba mwana wa mfalme wa daraja la kwanza, mtoto la pili, mjukuu la tatu, na kuendelea chini mpaka kiwango kilichowekwa. Familia chache tu zilipewa haki ya kutoshuka. Serikali iliyojengwa juu ya ukoo ilikiri kwenye kanuni zake kwamba sifa ya babu huchakaa. Sisemi mfumo ule ulikuwa wa haki, walikuwa na mambo yao mengine. Nasema walikuwa na ujasiri wa kuweka tarehe ya mwisho kwenye kopo.

Jina kwenye pasi

Baada ya vita vya kwanza vya dunia nchi mbili za lugha moja zilichukua njia mbili. Katiba ya Ujerumani ya 1919 ilifuta mapendeleo na kusema vyeo vitabaki kama sehemu ya jina tu. Austria, mwaka huo huo, ikapiga marufuku hata jina. "Von" ikaondoka kwa kila Mwaustria, pamoja na vyeo vyote.

Miaka 90 baadaye ikafika kesi kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya. Mwanamke raia wa Austria alikuwa ameasiliwa akiwa mtu mzima na Mjerumani mwenye jina la kikabaila, akalichukua jina lote, pamoja na neno lenye maana ya binti wa mfalme ndani yake. Aliishi Ujerumani na kazi yake, kwa jina hilo, ilikuwa udalali wa majumba ya fahari, yakiwemo makasri. Kwa zaidi ya miaka kumi Austria ilimwandika hivyo, hata kwenye pasi. Kisha ofisi ya Vienna ikalifupisha. Akashtaki: ni jina langu, nimelifanyia biashara, mpakani nitajitambulishaje? Desemba 2010 mahakama ikasema Austria ina haki ya kulikataa, kwa ajili ya usawa wa raia.

Ningekuwa jaji ningepiga kura upande huo huo, kwa shingo upande. Mama yule hakuomba msamaha wa kodi wala kiti bungeni. Kwake cheo kilikuwa chombo cha kazi, kinachomsaidia mteja kuamini kwamba anayemuuzia kasri analijua kasri. Lakini ndiyo hiyo thamani Austria ilikuwa imeamua, tangu 1919, kwamba hakuna raia wake atakayekuwa nayo juu ya mwingine.

Kinachonibakia ni upande ambao sheria ile ya 1919 haikuugusa. Mali za ukoo wa kifalme wa Habsburg zilishughulikiwa na sheria nyingine ya mwezi huo huo. Familia nyingine za kikabaila zilipoteza majina na kubaki na ardhi. Mpaka leo taasisi zenye jina la Esterházy, bila "von" wala cheo, ni miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi nchini humo, na kwa hilo hakuna aliyelazimika kupeleka pasi yake kurekebishwa.